Jiko la kishamba ndani ya nyumba ya mjini: mwongozo kamili, kuanzia ukuta hadi chungu

Picha nyingi za majiko ya kishamba zinazozunguka mitandaoni zimepigwa Marekani. Utaona kuta za mbao zilizopakwa rangi nyeupe, sinki pana la kauri, na mlango wa ghala unaoteleza kwenye reli. Kule vitu hivyo vina sababu zake: nyumba za wakulima zilijengwa kwa mbao, na mlango ule ulitoka kwenye banda la majani ya ng'ombe. Ukivihamishia vilevile kwenye nyumba ya bloku Tabata au Kitengela, unapata jiko la maonyesho. Mbao zilizopigiliwa juu ya ukuta wa bloku nyuma ya sinki hukaribisha mende kwanza, mchwa baadaye.

Jiko la shamba tunalo letu. Lina ukuta wa chokaa, sakafu inayosuguliwa, kigoda, ungo uliotundikwa, chungu chenye masizi na kinu kilichochakaa kwa kutwangiwa. Hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa ajili ya kupendeza, na bado linapendeza. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini nitashika kanuni moja: kinachoonekana kiwe kinatumika. Kisichofanya kazi kitoke, hata kama dukani kilikuvutia.

Kwanza, zijue kazi za jiko lako

Kabla hujanunua hata kopo la rangi, pika kama kawaida yako kwa wiki moja na uandike kila chombo kinachoshikwa. Familia inayokula ugali na maharage haina mahitaji sawa na ile inayokuna nazi kila siku. Ukimaliza, utakuwa na orodha mbili: vitu vya kila siku, ambavyo ndivyo vitakaa wazi na kuwa pambo, na vitu vya nadra, ambavyo vinaingia kabatini. Mashine ya keki inayotumika Krismasi haina sababu ya kukaa kwenye kaunta.

Chora jiko kwenye karatasi ya miraba, sentimita 5 kwa kila mita. Weka milango, madirisha, bomba la maji na soketi za umeme. Vipimo vya kuanzia ni hivi: kaunta yenye kina cha sentimita 60, urefu wa kwenda juu sentimita 85 hadi 90, na njia kati ya kaunta mbili zinazotazamana isipungue mita moja. Urefu wa kaunta usiuchukue kitabuni tu. Mpishi mkuu wa nyumba asimame, akunje kiwiko, kisha mpime sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko hicho. Hapo mgongo wake utamshukuru.

Sasa jambo ambalo picha za Marekani haziwezi kukufundisha. Jikoni kwetu kazi nyingi hufanywa mtu ameketi: kukuna nazi juu ya mbuzi, kuchambua mchele kwenye ungo, kumenya viazi. Ukijaza kaunta ukuta hadi ukuta, kazi hizo zinahamia sebuleni au uani. Acha eneo tupu la sakafu la kama mita moja kwa mita moja, karibu na mlango wa nje au dirisha, liwe la kigoda, mbuzi na kinu. Kama chini ni vigae, weka kipande cha mpira wa tairi au gunia lililokunjwa chini ya kinu kabla ya kutwanga. Kigae chenye uwazi chini yake hupasuka kwa mapigo machache tu.

Gesi nayo ipangwe mapema. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Mtungi bora ukae nje ya ukuta, wima, bomba lipite ukutani ndani ya kinga yake. Ukilazimika kuuweka kabatini, kabati hilo liwe na matundu chini kabisa na juu, na sehemu hiyo usiizibe kwa boksi la viazi. Juu ya jiko la gesi usiweke rafu wala kutundika vikapu kwa umbali unaopungua sentimita 75. Ungo mkavu ukishika moto hauombi ruhusa.

Ukuta: chokaa kabla ya rangi yoyote

Kama ni kitu kimoja tu unaweza kubadilisha, badilisha ukuta. Chokaa hutoa weupe mkavu usiong'aa ambao rangi ya dukani huuiga bila kuufikia, huacha ukuta upumue, na kwa ukali wake haiwapi kuvu nafasi ya kuota. Halafu ni rahisi kwa bei.

Jaribu ukuta kwanza. Urushie maji kwa mkono. Yakinywewa upesi, ukuta unafaa. Yakitiririka chini, umepakwa rangi ya mafuta au ya plastiki, na chokaa haitashika. Hapo itabidi rangi ikwanguliwe hadi kwenye lipu, au ukubali kupaka rangi ya maji isiyong'aa na kuendelea na mengine.

Nunua chokaa ya mfuko ya kujengea. Jaza ndoo maji nusu, kisha nyunyiza chokaa ndani ya maji polepole huku ukikoroga. Usifanye kinyume chake. Vaa glavu na miwani, kwa sababu chokaa huunguza ngozi na ni hatari zaidi machoni. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi bila kusita kisha nenda hospitali. Funika ndoo uiache ilale usiku mmoja au zaidi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Siku ya kupaka, ichuje kwa kitambaa, ongeza maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, na utie konzi ya chumvi ili isikauke haraka mno.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Unalowesha ukuta, unapaka mkono wa kwanza kwa brashi pana, unatazama, na huoni kitu. Ni maji ya kijivu tu yanayoonyesha lipu chini yake. Fundi aliyezoea rangi ya kopo atataka kuongeza chokaa ndooni iwe nzito. Mkatalie. Chokaa hukauka kwa kunyonya hewa ya ukaa (kabonidioksaidi) na kurudi kuwa jiwe, na weupe wake huja siku ya pili. Mkono mzito utabanduka kama magamba. Mikono minne au mitano myembamba, kila mmoja baada ya siku moja na ukuta ukiloweshwa kidogo kila mara, itakaa. Brashi ipishane: mkono mmoja wa mlalo, unaofuata wa wima.

Ukitaka rangi ya joto, changanya unga wa oksaidi wa manjano au mwekundu, usizidi moja ya kumi ya uzito wa chokaa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bloku na usubiri kikauke, kwa sababu rangi ya chokaa mbichi na kavu hazifanani hata kidogo.

Chokaa ina tabia moja ya kuudhi: ukiiegemea, shati linatoka jeupe. Kwa hiyo nyuma ya jiko la gesi na sinki usiiweke. Pale piga lipu laini ya saruji au vigae visivyong'aa, kimo cha sentimita 60 kutoka kwenye kaunta, ili mafuta yafutike.

Wanaopenda vidaka vya nyumba za Lamu, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitu, wananiuliza kama wanaweza kuvichonga kwenye ukuta wao. Nyumba za kale za Lamu zina kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita, ndiyo maana zinabeba vidaka bila kudhoofika. Ukuta wako wa bloku za inchi sita hauna nyama hiyo. Mwambie fundi mwashi ajenge vidaka kwa kuongeza ukuta mwembamba wa matofali mbele ya ule uliopo, kina cha sentimita 15 hivi. Utapoteza nafasi kidogo, lakini utapata mahali pa chumvi, mafuta na viungo pasipohitaji mbao wala skrubu.

Sakafu

Kama una vigae tayari na havijavunjika, viache. Fedha ya kuvibomoa itafaa zaidi kwenye kaunta. Kama sakafu ni zege tupu, piga sakafu nyekundu ya saruji, ile iliyopamba nyumba za walimu na za misheni kote Afrika Mashariki. Msingi ni saruji moja kwa mchanga safi tatu, unene wa sentimita 3 hadi 4. Juu yake, kabla haijakauka, unasiribwa ujiuji wa saruji uliochanganywa na oksaidi nyekundu. Kwa mfuko wa kilo 50 oksaidi isizidi kilo 5, maana ikizidi inaidhoofisha saruji. Fundi aisugue kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae yenyewe.

Mambo mawili fundi hupenda kuyaruka. Sakafu igawanywe miraba ya mita moja hivi, la sivyo itajichagulia yenyewe pa kupasukia. Na baada ya hapo ifunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba. Nta ya sakafu isipakwe mpaka unyevu umeisha kabisa, na usiipake mbele ya sinki, kwa sababu maji juu ya nta yanamwangusha mtu.

Mbao: hapa usiharakishe

Jiko la kishamba hubebwa na mbao, na mbao ndiyo inayoliharibu ikichaguliwa vibaya. Kwa kaunta na meza, mninga hauna mpinzani: mzito, mtulivu, mchwa hawaupendi. Bei yake ni ya juu, na kwa Tanzania mbao za misitu ya asili lazima ziwe na vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Muulize muuzaji kibali cha kusafirishia kabla ya kulipa. Bei ikiwa chini ajabu, jibu unalo. Mtiki wa mashamba kama Longuza kule Muheza au Mtibwa mkoani Morogoro ni chaguo zuri lisilogusa misitu ya asili. Paini ya Sao Hill, inayojaa kwenye yadi za Mafinga na kushuka hadi Dar es Salaam, ni laini: ukucha unaacha alama. Itumie kwenye rafu na milango ya makabati, si kwenye kaunta.

Kuna mabanzi pia, yale maganda ya nje yanayobaki gogo likipasuliwa kiwandani. Ni rahisi sana na ukingo wake wa mawimbi ndio hasa sura inayotafutwa. Ila bandua magome yote kabla ya kuyaingiza ndani, maana bungua, mdudu anayetoboa mbao, hujificha chini ya gome.

Ukanda wa pwani, hasa Lamu na Kilifi, kuna mafundi wanaotengeneza samani kwa mbao za majahazi yaliyostaafu. Matundu ya misumari na rangi zilizochoshwa na chumvi vinavutia mno. Lakini sehemu ya chini ya chombo hupakwa vitu vya kuzuia wadudu wa baharini. Zamani ilikuwa shahamu na chokaa, siku hizi mara nyingi ni rangi zenye sumu. Mbao hizo zifae kwa fremu, rafu ya juu au mlango, zisiguse chakula.

Sokoni mbao zinaitwa kwa inchi: moja kwa nane, mbili kwa nne, mbili kwa nane, nyingi za futi 12. Ukiwa mgeni yadini, kila ubao utaambiwa "umekauka kabisa huo, dada." Usibishane. Kata kipande cha sentimita 30, kipeleke kwenye mizani ya duka, andika uzito kwa penseli juu yake. Mbao zilizobaki zipange kivulini penye upepo, kati ya tabaka na tabaka ukiweka vijiti vya inchi moja. Kila wiki pima kile kipande. Uzito utapungua, utapungua, kisha wiki mbili mfululizo utabaki palepale. Hapo mbao imekauka kwa hali ya hewa ya kwako, na seremala anaweza kuanza. Kaunta iliyounganishwa kwa mbao mbichi itaachana miezi michache baadaye, na fundi atakwambia ni mvua.

Kwa kaunta, mbao ya inchi mbili ikipigwa randa hubaki kama sentimita 4, unene mzuri. Ziunganishwe kwa gundi isiyoogopa maji. Muhimu: kaunta isifungwe kwa nguvu kwenye makabati. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana kufuatana na masika na kiangazi, hivyo matundu ya skrubu za chini yawe marefu kidogo ili uweze kusogea. Ukingo wa mbele utokeze sentimita 2 au 3, na chini yake uchongwe mfereji mdogo, ili maji yanayomwagika yadondoke sakafuni badala ya kutambaa hadi kwenye droo.

Kisha lile swali la mwisho la seremala: "Sasa tupige vanishi ya kung'aa, eeh?" Hapana. Kwenye milango ya makabati, vanishi isiyong'aa inafaa. Kwenye kaunta, vanishi ikikwaruzwa na kisu tu, maji huingia chini yake, mbao inakuwa na madoa meusi na utando unabanduka. Kaunta hutiwa mafuta na nta. Nunua parafini ya maji safi kwenye duka la dawa, ile inayouzwa kwa ajili ya kulainisha choo. Angalia usichanganyikiwe na mafuta ya taa, ambayo Kenya nayo huitwa parafini. Tafuta pia nta ya nyuki. Tabora na Sikonge ni kwao. Kwa uzito, nta moja kwa mafuta manne. Weka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, isiguse moto moja kwa moja, hadi nta iyeyuke.

Ubao upigwe msasa, ufutwe vumbi, upakwe mchanganyiko huo ukiwa vuguvugu, uachwe usiku kucha, asubuhi ufutwe. Rudia mara tatu au nne. Dondosha tone la maji: likikaa juu kama lilivyo, ubao umeshiba, likitandaa na kuacha kivuli cheusi, ongeza mkono mmoja.

Mafundi wengine wanapenda mafuta ya kitani. Ni mazuri kwa meza na milango, ila matambara yaliyolowa mafuta hayo huzalisha joto yenyewe yakilundikwa, na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke au yaloweke kwenye maji kabla ya kuyatupa. Mwambie fundi waziwazi, kwa sababu tabia ya karakana nyingi ni kuyasokomeza pembeni.

Sinki na kichanja

Usiweke kaunta ya mbao karibu na sinki. Mita moja ya kaunta upande ule iwe ya terazo (saruji yenye vipande vya mawe, iliyosuguliwa) au saruji tupu iliyosuguliwa, nayo ikutane na mbao penye ukavu. Sinki la kauri la mtindo wa shamba ni zuri lakini zito, likijaa maji na masufuria linahitaji nguzo za matofali chini yake. Kabati la mbao nyepesi halitalibeba. Mbadala wangu ninaoupenda zaidi ni sinki la terazo linalomiminwa palepale na fundi, pana kiasi cha kuingiza sufuria ya ubwabwa wa shughuli. Mafundi wa terazo bado wapo, hasa wale waliokarabati majengo ya zamani.

Pembeni yake, badala ya rafu ya plastiki, tengeneza kichanja. Kila bwana afya aliyepita kijijini alikisisitiza, na alikuwa sahihi: sahani zinakauka kwa hewa, hazifutwi kwa kitambaa kichafu. Kitundike ukutani juu ya sehemu ya maji: fremu ya mtiki yenye vijiti vya wima kila baada ya sentimita 4, chini wazi ili maji yadondoke kwenye terazo. Sahani zinakauka humo na zinakaa humo. Umepunguza kabati moja na umepata pambo linalobadilika kila baada ya mlo.

Rafu, makabati na pazia

Rafu za wazi zinasifiwa kupita kiasi. Mjini kuna vumbi, na mafuta ya kukaangia hupanda na kuligandisha juu ya kila kitu. Weka rafu wazi kwa vyombo vya kila siku peke yake, kwa sababu huoshwa kabla havijapata vumbi. Rafu ya kwanza iwe sentimita 45 hadi 50 juu ya kaunta, kina sentimita 25, vishikilio kila baada ya sentimita 60. Kwenye ukuta wa bloku zenye uwazi ndani, toboa kwa drili na utumie plagi ndefu na skrubu nene. Msumari wa zege utachungulia siku moja sahani zote zikiwa juu.

Milango ya makabati iwe ya fremu nne na ubao bapa katikati, bila nakshi. Vishikio avifue mhunzi au viwe vya mbao. Rangi isizidi moja.

Chini ya sinki na kwenye sehemu za ndoo, pazia linashinda mlango: hewa inapita, mbao haiozi. Kikoi chenye milia hukaa vizuri sana. Kanga pia, ila chagua jina lake kwa makini, maana mama mkwe akija ataanza kulisoma hilo kabla hajasalimia. Pazia lisifike upande wa jiko la gesi.

Vyombo vyenyewe

Hapa ndipo watu huanzia, nami nimepaacha karibu na mwisho makusudi. Vyombo vyema kwenye jiko baya huonekana duka la watalii.

Vyungu: wanawake wa Kikisi, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu vyepesi na imara vinavyouzwa Matema na kusambaa mikoani. Vya Upareni navyo vina jina. Chungu kipya kigonge kwa kidole: kikilia, kizima, kikitoa sauti butu, kina ufa. Kabla ya kupikia, kiloweke usiku mzima, kisha chemsha ndani yake maji ya mchele au uji mwepesi kwa moto mdogo, uache upoe humo. Wanga huziba vitundu. Kwenye gesi anza na moto mdogo kila mara, ukitenganisha chungu na mwali kwa kipande cha bati nene. Maharage ya chungu yanajieleza yenyewe.

Mtungi wa maji uwe na sehemu yake penye upepo, juu ya kigoda, na sahani chini. Unapoza maji kwa sababu unatoa jasho. Ukiupaka rangi kwa nje ili upendeze, umeuua.

Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu vinafaa kwa vitunguu na matunda. Vitunguu na viazi vitenganishwe, na viazi vikae gizani, visije vikageuka kijani. Kiondo cha katani kinafaa kwa mboga za kutoka sokoni. Ungo, kawa na mwiko vitundikwe kwenye ubao wenye vigingi, karibu na mahali vinapotumika. Bakuli za enameli zikibanduka kwa nje zinapendeza. Zikibanduka kwa ndani, zigeuze za kupandia mrehani na kotimiri dirishani.

Hesabu rangi zako sasa: weupe wa chokaa, wekundu wa sakafu, kahawia ya mbao, weusi wa chungu. Zinatosha. Rangi ya tano iletwe na nyanya na ndizi.

Taa

Balbu nyeupe ya dukani inaua kila kitu ulichokwisha fanya. Nunua balbu za mwanga wa njano, kwenye boksi zimeandikwa Kelvini 2700 au 3000. Moja ya katikati, na nyingine chini ya rafu ili usikate nyama kwenye kivuli chako mwenyewe. Chemli la zamani linaweza kugeuzwa taa ya umeme, ila kazi hiyo ifanywe na fundi umeme, na tangi lake lioshwe na kukaushwa kabisa mafuta ya taa yasibaki.

Kwa mpangaji

Mwenye nyumba hataki kuguswa ukuta? Fanya yanayohamishika: meza nzito ya kazi badala ya kaunta, kabati la kusimama, kichanja cha mezani, pazia kwenye waya, balbu, vyungu. Meza hiyo moja ya mtiki, upana wa sentimita 70 na urefu wa mita moja na nusu, itabadilisha jiko kuliko vitu vidogo kumi, na siku ya kuhama inapanda kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo.

Kulitunza

Chokaa ipakwe mkono mmoja kila mwaka au miwili, ikiwezekana kabla ya sikukuu. Kaunta itiwe mafuta kila mwezi kwa miezi ya mwanzo, baadaye kila tone la maji linapoanza kutandaa. Vikapu vianikwe juani mara kwa mara, hasa masika, kabla havijaanza kunuka.

Na kila unapofagia, angalia chini ya rafu na miguu ya meza. Ukiona unga laini wa rangi ya mbao umerundikana, na juu yake kitundu kidogo, bungua ameingia. Toa ubao huo nje siku hiyohiyo, tia dawa ya wadudu wa mbao kwenye kila tundu kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, uzibe kwa nta, na uutenge wiki chache juu ya karatasi nyeupe. Unga mpya ukidondoka juu ya karatasi, rudia dawa. Usipodondoka, urudishe ndani.